Ndege ama Treni Kwenda Nairobi? Bei ya Tiketi Haikuambii Nani Alilipa

Kila Desemba ikikaribia, na kila mara mtu akiitwa usaili wa kazi Nairobi, inboksi yangu inajaa swali moja: "Niende na ndege ama SGR?" Naona mnaniuliza mimi kwa sababu naishi Changamwe. Uwanja wa ndege wa Moi uko huku kwetu Port Reitz, na stesheni ya SGR iko hapo Miritini, mwendo wa tuktuk. Kule juu pia ni vivyo hivyo. Ndege inakushusha Embakasi, treni inakushusha Syokimau, na hapo kati yake si mbali. Yaani hizi njia mbili zinaanza zikiwa majirani na kuisha zikiwa majirani.

Jibu la haraka kwa wale hawana wakati wa kusoma. Treni: tangu Januari 2024 ekonomi ni shilingi 1,500 na daraja la kwanza ni 4,500. Tiketi unakata kwa *639# na unalipa na M-Pesa. Ndani ya treni ni kama saa tano au sita hivi, lakini fika mapema, kuna mashine za kukagua mizigo na mbwa wa kunusa mabegi, na treni haikungoji. Ndege: angani ni saa moja hivi ama pungufu. Ukijumlisha kufika mapema, kukaguliwa, kungoja begi na foleni ya Mombasa Road, saa moja hiyo inakuwa nne. Bei inategemea siku. Ukikata mwezi mmoja mapema unaweza kupata ya kueleweka. Ukikata tarehe 23 Desemba utalia.

Kwa hivyo kama shida yako ni pesa, panda treni. Kama shida yako ni saa, panda ndege. Wewe uliyetaka hilo tu, umemaliza, safari njema.

Wale mmebaki, kaeni. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, si mhadhiri, lakini kusoma sikuacha. Na nikisoma historia ya hizi njia mbili nakuta kitu kimoja kinajirudia: pesa unayolipa dirishani si bei yote. Reli ikishajengwa huwa inatafuta mtu wa kuilipia. Mara nyingi anayepatikana si yule anayesafiri, na wala si yule aliyeamua ijengwe.

Reli ya kwanza ililipiwa na nani?

Waingereza walianza kujenga reli Mombasa mwaka 1896. Waliipa jina la Uganda, ingawa leo njia yote ile ya kwanza, kutoka Mombasa hadi Kisumu, iko ndani ya Kenya. Shida yao haikuwa sisi. Walitaka kufika ziwani na kwenye chanzo cha Nile kabla mzungu mwingine hajafika. Kabla ya hapo safari ya kutoka pwani hadi ziwa ilikuwa ya miguu, wapagazi wamebeba mizigo kichwani, wakipita nyika ya Taru ambako maji ni ya kutafuta.

Vibarua wengi waliletwa kutoka India kwa mikataba, kama 32,000. Karibu 2,500 kati yao walikufa kazini, kwa magonjwa na ajali. Ukigawa hao kwa maili za reli, ni kama watu wanne kwa kila maili. Sasa niambie, ni wangapi unaowajua kwa jina? Lakini simba wawili wa Tsavo kila mtu anawajua. Waliua wafanyakazi mwaka 1898 mpaka Kanali Patterson akawapiga risasi, na leo wako Chicago kwenye jumba la makumbusho, wamejazwa wakasimamishwa, watu wanapiga selfi nao. Simba wana filamu. Waliokufa kwa malaria na kuhara hawana.

Mei 1899 reli ilifika mahali penye kinamasi na maji baridi, panapoitwa na Wamaasai Enkare Nairobi. Ilikuwa maili ya 327 kutoka Mombasa. Hapo wakaweka karakana na bohari kwa sababu mbele kuna mlima mkali wa kushuka Bonde la Ufa, na ilibidi wajipange kwanza. Nairobi ilianza hivyo, kama gereji ya treni. Hilo jiji ambalo watu wake wanakuja huku Diani kutuonyesha maringo lisingekuwa pale bila reli iliyoanzia kwetu. Mwisho wa 1901 reli ikafika ziwani.

Ilikuwa imekula kama pauni milioni 5.5 za walipa kodi wa Uingereza. Bunge la London lilikuwa limepiga kelele miaka mingi kwamba ni reli ya wendawazimu, na sasa ikawa ipo, imekamilika, na haina mizigo ya kutosha. Treni ya kwenda ziwani inabeba nini? Kurudi inabeba nini?

Jibu la serikali ya kikoloni lilikuwa kuleta walowezi. Kamishna Charles Eliot alisukuma sana wazo kwamba wazungu wapewe ardhi ya nyanda za juu walime, wasafirishe, na reli ipate biashara. Ardhi hiyo ilikuwa na wenyewe. Wamaasai walihamishwa kwa mkataba wa 1904, wakaambiwa ni wa kudumu, halafu wakahamishwa tena kwa mkataba wa 1911. Wanandi walipigana na reli pamoja na waliokuja nayo kwa miaka mingi, mpaka Oktoba 1905 Meinertzhagen alipomuua kiongozi wao Koitalel arap Samoei kwenye mkutano ulioitwa wa amani.

Shikilia hapo, kwa sababu tutarudi. Reli ilijengwa kwa sababu za wakubwa, ikawa na gharama isiyojilipa, na bili ikapelekwa kwa watu ambao hawakuwahi kuulizwa kama wanataka reli.

Ndani ya behewa ulikaa wapi?

Sasa reli ipo. Nani alipanda? Kila mtu, lakini si pamoja. Daraja la kwanza lilikuwa la wazungu, la pili Wahindi, la tatu Waafrika. Huko la tatu ni mabenchi ya mbao, usiku mzima, vumbi la Taru likiingia dirishani. La kwanza kulikuwa na vitanda, mashuka meupe na chakula mezani. Injini ni moja, mnaondoka pamoja, mnafika pamoja, lakini ukishuka umejua nafasi yako Kenya ni ipi.

Hii ndiyo maana huwa nashangaa mtu akiniletea picha za ile treni ya zamani na maneno ya "enzi tamu". Tamu kwa nani? Hao wapishi na wahudumu kwenye picha walikuwa watu pia.

Lakini hapo hapo kwenye reli ndipo watu walijifunza kukataa. Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa waligoma kwa maelfu, wa bandari na wa reli pamoja, na mji ukasimama. Chege Kibachia ndiye aliyekuja kuongoza chama chao, na serikali ikamkamata na kumweka kizuizini kwa miaka. Gari moshi lilileta wafanyakazi mahali pamoja, wakaonana, wakaongea. Hilo mkoloni hakulipangia.

Na ndege je?

Kuna watu wanadhani ndege ni safi kwa sababu haina reli wala simba. Hebu tuangalie.

Ndege zilianza mapema kuliko tunavyofikiria. Wilson Airways ilianzishwa Nairobi mwaka 1929 na mwanamke, Florence Kerr Wilson, na ndiyo jina lililobaki kwa Wilson Airport. Huku kwetu Port Reitz uwanja ulikuja wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kwa kazi za jeshi. Mwaka 1946 likaundwa shirika la East African Airways, likaanza na ndege ndogo za Dragon Rapide. Abiria walikuwa maafisa, walowezi na wafanyabiashara. Mtu wa daraja la tatu kwenye treni hakuwa hata na daraja la kukaa kwenye ndege.

Halafu kuna Embakasi, na hii ndiyo sehemu natamani ingekuwa kwenye kitabu cha darasa la saba. Uwanja wa Embakasi ulifunguliwa 1958. Ulijengwa wakati wa Hali ya Hatari, na kazi nzito ilifanywa na watu waliokamatwa kwa ajili ya Mau Mau, kwa maelfu, wakichimba na kubeba mawe chini ya walinzi. Hawakulipwa kama wafanyakazi kwa sababu hawakuwa wafanyakazi. Walikuwa wafungwa na mahabusu.

Mwaka 1978 jengo la abiria lilihamia upande wa pili wa barabara ya kurukia, na uwanja ukapewa jina la Jomo Kenyatta, ambaye mwenyewe alifungwa na Waingereza katika Hali ya Hatari hiyo hiyo. Ile barabara ya kurukia inatokana na ile ya 1958. Magurudumu yakigusa chini na watu wakiwasha simu, chini yake kuna kazi ya watu ambao hawakuwahi kupewa hata asante.

Na hapa historia inakataa kunyooka. Septemba 1959, mwaka mmoja tu baadaye, Tom Mboya alipeleka wanafunzi 81 Marekani kwa ndege ya kukodi, ule mpango tunaouita airlift. Mwaka uliofuata wakaenda wengine wengi, akiwemo Wangari Maathai. Mkoloni alikuwa hataki kutoa nafasi za chuo, kwa hivyo vijana waliruka juu ya kichwa chake. Kwa hivyo siwezi kuwaambia ndege ni ya mabwanyenye, nikaishia hapo. Kitu kilichojengwa kwa dhuluma kinaweza kukamatwa na wenyewe kikafanya kazi nyingine.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, East African Airways ikafa nayo, Kenya Airways ikazaliwa. Ikauzwa kwa umma 1996, KLM wakachukua asilimia 26. Baadaye ikaingia madeni makubwa, na mwaka 2017 deni likageuzwa kuwa hisa, serikali ikabaki na asilimia 48.9. Serikali ni nani? Ni mama mboga anayelipa VAT, ambaye hajawahi kupanda ndege maisha yake.

Treni ya usiku ilivyozeeka

Tukirudi relini: baada ya uhuru ile njia ya mita moja iliendelea, kisha ikaanza kuchoka. Barabara ilichukua mizigo, malori yakawa mengi, reli haikukarabatiwa inavyotakiwa. Januari 1993 treni ya usiku ya njia ya Mombasa na Nairobi ilitumbukia mtoni Ngai Ndethya baada ya mafuriko kubeba daraja, na zaidi ya watu 100 walikufa. Mwaka 2006 reli ilikabidhiwa kampuni ya Rift Valley Railways kwa mkataba, na 2017 mkataba ukavunjwa. Wazee huku wanasema treni ilikuwa ya kuondoka jioni na kufika Mungu akipenda. Ilitakiwa saa kama 13. Ungeweza kufika mchana wa siku ya pili, umekwama Voi, unanunua mahindi dirishani.

Lakini ilisimama Mazeras, Samburu, Mackinnon Road, Maungu, Sultan Hamud, Konza. Miji hiyo ilikuwepo kwa sababu treni ilisimama. SGR kati ya Mombasa na Nairobi ina stesheni saba tu za njiani: Mariakani, Miasenyi, Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Emali na Athi River. Treni ya moja kwa moja inaruka nyingi ya hizo. Kadiri treni inavyokwenda kasi, ndivyo inavyofanana na ndege, na mtu wa Maungu anabaki akiitazama ikipita juu ya tuta.

Bilioni 327

Nilikwambia Nairobi ilikuwa maili ya 327. SGR ya Mombasa hadi Nairobi iligharimu shilingi bilioni 327. Sijui nani alipanga huo mzaha. Karibu asilimia 90 ya pesa hiyo ni mkopo kutoka Exim Bank ya China, na aliyejenga ni China Road and Bridge Corporation. Ilizinduliwa 31 Mei 2017, na abiria wa kawaida wakaanza kupanda kesho yake. Ekonomi ilianza kwa shilingi 700. Tulishangilia, na sioni haya kusema ilistahili kushangiliwa. Kufika Nairobi mchana mmoja kwa 700, bila kuogopa dereva wa basi aliyechoka usiku, ni jambo kubwa.

Sasa kumbuka 1901. Reli ipo, gharama ipo, mizigo haitoshi. Anatafutwa nani?

Kwanza umetafutwa wewe. Tangu 2013 kuna ushuru wa maendeleo ya reli kwa bidhaa zinazoagizwa kutoka nje, ulioanza kwa asilimia 1.5. Kioo cha simu, spea ya boda, zote zimepita hapo. Kwa hivyo hata wewe unayepanda ndege kila mwezi, treni umeilipia. Na yule bibi wa Kwale ambaye hajawahi kufika Mariakani pia ameilipia.

Pili ikatafutwa Mombasa. Halmashauri ya Bandari ilikuwa imeingia mkataba wa kuihakikishia reli kiwango cha mizigo. Abiria hawalipi deni la aina hiyo, kontena ndizo zinalipa. Agosti 2019 ikatoka amri kwamba mizigo ya kwenda Nairobi na kuvuka ipande SGR hadi bohari ya kontena, na bohari hiyo iko wapi? Embakasi. Kazi ya kutoa mizigo bandarini, maghala, madereva, mataniboi, mama wa chakula kule Changamwe na Mariakani, magereji ya Mtito Andei, vyote vikatikisika. Watu wa Mombasa waliandamana kila Jumatatu, wakaziita Jumatatu Nyeusi. Amri ikasimamishwa, lakini mvutano ukaendelea mpaka Septemba 2022, rais mpya alipotangaza siku ya kuapishwa kwamba shughuli za kutoa mizigo zinarudi Mombasa.

Si ardhi ya Wamaasai, najua. Hakuna aliyepigwa risasi kwa ajili ya kontena. Lakini mtindo ni ule ule: uamuzi umefanywa mbali, deni limekuja, na mtu wa njiani akaambiwa alipie kwa riziki yake.

Na mkataba wenyewe? Ulisainiwa 2014, na wananchi hawakuuona. Ni Novemba 2022 ndipo waziri wa uchukuzi alitoa sehemu ya nakala hadharani. Miaka minane mnalipia kitu na hamruhusiwi kusoma risiti.

Basi nipande gani?

Mimi napanda treni, ekonomi, na nina sababu tatu.

Ya kwanza ni ile rahisi: nishalipa. Nimelipa kwa kila kitu nilichonunua kilichotoka nje tangu nikiwa shule ya msingi. Kutoipanda ni kama kuchangia harusi halafu ukakosa pilau.

Ya pili, treni inanionyesha nchi. Baada ya Mariakani majani yanaisha, udongo unakuwa mwekundu, na ukiwa na bahati Tsavo unaona ndovu wamejipaka udongo huo huo. Unaona pia reli ya zamani ikikimbia pembeni, sehemu nyingine imemezwa na miiba. Ndani ya saa moja ya ndege unaona mawingu na kiti cha mbele.

Ya tatu ndiyo ninayotaka muishike. Tukiwa wengi kwenye ekonomi, bei ikipanda tunasikia wote kwa pamoja. Januari 2024 nauli iliruka kutoka 1,000 hadi 1,500 na kelele zikasikika nchi nzima. Kitu cha umma kinalindwa na watu wanaokitumia. Kikiachwa na watu, kinakuwa cha mizigo na cha wakubwa, na siku kikiuzwa hakuna atakayegutuka.

Kama una mgonjwa, ama usaili ni saa mbili asubuhi, ama umepata tiketi ya bei nafuu, panda ndege na usiombe msamaha kwa mtu. Sikuhukumu. Ninachokataa ni ile tabia ya kujadili hii kama ushindani wa maringo, nani amepiga picha kwenye bawa na nani amebeba mayai ya kuchemsha kwenye treni. Abiria wote wawili wanalipia deni moja.

Kwa hivyo mwaka ujao wagombea wakija Changamwe na Jomvu na fulana zao, msiwaulize tu kama wataleta kazi. Waulizeni deni la SGR limebaki ngapi, linalipwa kutoka mfuko gani, na ile sehemu ya mkataba ambayo haijatolewa itatolewa lini. Na mkisafiri, fikeni stesheni mapema. Wale mbwa hawana haraka.